Mgombea Asiyeahidi Kitu

Lipova, Texas
Jumapili jioni, katikati ya Novemba

Kwako Dada Otilie,

Shikamoo dada yangu, na zikufikie shikamoo nyingine za akiba kwa miezi yote niliyokaa kimya. Habari za Oregon na mvua yenu isiyojua kupumzika? Goti lako limepoa? Shemeji Warren bado anakohoa na bado anakataa kwenda kwa daktari? Wabusu watoto, ingawa najua wamekua na hawataki tena kubusiwa. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, miti ya pekani imeangusha njugu zake zote, na mikono yangu inanuka kitunguu kwa sababu leo nilikuwa zamu ya jikoni ukumbini.

Najua unaninung'unikia. Ulipiga simu kuuliza habari za uchaguzi, nikakujibu nimeshindwa, basi, kisha nikakugeuzia maneno ya hali ya hewa. Usikasirike. Jambo lenyewe halikuwa la simu. Sasa nimekaa kwenye meza ya Mama, ile yenye alama ya pasi uliyoiunguza ukamsingizia paka, na sinyanyuki hapa mpaka nikueleze yote.

Unakumbuka Chama cha Plau kilivyokuwa enzi zetu? Mimi nikifumba macho nakiona chote. Naiona ile bendera ya Babu, shuka la bluu lenye plau ya manjano, na maneno aliyoyashona Bibi kwa mkono wake: CHANGU NI CHANGU, JUU NA CHINI. Siku ya pikiniki tuliibeba mimi na wewe, wewe mbele kwa kuwa ulikuwa mrefu, mimi nyuma nikimeza vumbi lako. Ukumbi ulijaa hadi watu wanachungulia madirishani. Baba alipiga kodiani mpaka shati likamgandia mgongoni, na sisi watoto tulilazwa kwenye mabenchi, tukafunikwa makoti ya wajomba, tukasinzia huku miguu ya watu wazima ikipita mbele ya pua zetu. Lo! Siku hizi wanachama wote wanaokuja mkutanoni wanaenea kwenye pikapu moja, na dereva akitaka kujinyoosha ananyoosha.

Nawe unaijua sheria ya jimbo letu. Chama kidogo kikitaka jina lake libaki kwenye karatasi ya kura, lazima mgombea wake mmoja apate asilimia tano ya kura za jimbo zima. Ukikosa, unafutwa, ukitaka kurudi uanze kuzunguka juani kuomba sahihi za watu. Baba amekuwa akiogopa siku hiyo kama wengine wanavyoogopa kansa. Sasa mwaka huu, mwezi wa Januari, akaja ofisini kwangu kofia mkononi, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyeona pipi. Akaniambia kuna kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo, kiti cha Jaji Prewitt, na kile chama kikubwa cha upande wa pili hakikuweka mtu. Yaani wote wasiompenda Prewitt hawana pa kutia alama. Akasema tukiweka mtu, hata awe kibuyu, asilimia tano tunazo.

Nikamwambia vizuri, wekeni kibuyu. Akasema kibuyu lazima kiwe mwanasheria wa miaka kumi au zaidi, na chama kizima kina mwanasheria mmoja tu.

Ndiyo hivyo dada. Mimi, mwandika wosia wa vizee na mgawanya ng'ombe wa ndugu waliogombana, nikawa mgombea wa mahakama kubwa kuliko zote Texas. Na usidhani walinipitisha bure. Desturi ya Babu unaijua: mgombea, hata akiwa peke yake, lazima ashindane na "Hakuna". Tukapiga kura za siri ndani ya ile kofia ya majani, wakazihesabu, nikamshinda Hakuna, lakini Hakuna naye alipata kura zake za heshima. Mzee Bohumil Janda, mkongwe wa chama, akanipa mkono akasema hongera binti Emil, umemwangusha mtu asiyekuwepo, sasa kamwangushe aliyepo. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka mpaka nikalia.

Nisikufiche, majira yale ya kuchipua na kiangazi yalikuwa matamu. Baba alikataa niende peke yangu. Tulizunguka jimbo kwa pikapu lake, yeye na soseji zake zilizofungwa kwenye taulo, mimi na hotuba zangu. Kila kijito tulichovuka alikitaja jina na kunisimulia nani alizama pale, nani alibatizwa, nani alimchumbia nani. Nilijua habari za Mama ambazo sikuwahi kuzisikia. Ulijua kwamba Mama alimkataa mara mbili, na mara ya tatu akamkubali pale pale kwenye chemchemi yetu, miguu yote miwili imo majini, kwa sababu, alisema, joto lilikuwa kali mno kubishana? Baba akisimulia hayo alikuwa anaendesha pole pole, na malori yanatupigia honi nyuma, na yeye hana habari.

Tatizo ni moja tu: mgombea ujaji hawezi kuahidi. Kanuni za majaji zinakukataza kusema utaamuaje kesi inayoweza kufika mbele yako. Wengine wanaahidi barabara, wanaahidi kodi ishuke, mimi naahidi kusoma. Kule Amarillo mtangazaji wa redio aliniuliza nikishinda nitawafanyia nini wananchi. Nikamjibu nitasoma kesi zao kwa makini. Akangoja niendelee. Alipoona siendelei, akaweka muziki. Baba alicheka njia nzima, akanipachika jina: Mgombea Asiyeahidi Kitu. Kila tulipofika alinitambulisha hivyo, kwa fahari kabisa.

Kisha ikaja habari ya maji.

Sijui nilikuandikia kwamba jirani yetu Kubena aliuza ranchi yake. Aliyenunua ni kampuni inayouzia miji maji. Wanachimba visima virefu, wanaweka pampu zenye ukubwa wa chumba, wanavuta maji ya chini ya ardhi wanayapeleka mbali kwa bomba. Na wewe unajua maji ya chemchemi yetu yanatoka upande gani. Kwenye kaunti ya jirani tayari wamefanya hivyo hivyo, na visima vya watu vikakauka. Wale watu wakashitaki, na kesi yao inapanda ngazi, inapanda, na itafika Mahakama ya Juu. Si kesi yetu, wala Baba hana jina humo, lakini itakavyokatwa kule ndivyo itakavyokatwa kwetu. Sisi huku pampu zinafungwa, bado hazijawashwa.

Basi ikafika pikiniki ya Septemba. Wanaume walianza kupika mchuzi alfajiri kwenye vile vyungu vya chuma, na Baba, licha ya umri wake, alikuwa na mwiko wake ule mrefu kama kasia, anakoroga na kutukana moshi. Nilipomaliza kusalimia watu jukwaani, Bohumil Janda akasimama akasema hotuba nzuri, kuku wazuri, sasa tuambie la maana: kesi ya maji ikikufikia, unatukatia upande gani?

Nikamwambia Mzee Bohumil, unajua siwezi kusema.

Akasema hatuko Amarillo hapa, binti. Hapa ni kwenu. Wengine wakadakia. Bi Vlasta wa duka akapiga kelele niseme tu neno moja, ndiyo au siyo, hakuna mwandishi wa habari hapa zaidi ya mbwa wake. Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha zamani. Nikarudia kwamba siwezi. Hapo ndipo nilipomwona Baba anauweka mwiko chini, anafuta mikono, anakuja mpaka mbele ya jukwaa. Aliongea taratibu. Akasema wao hawaombi kiwanja wala cheo, wanauliza chemchemi tu. Akasema, "Adela, mwanangu, Mama yako alinikubali pale. Niambie tu kama itabaki."

Dada, nilimtazama. Kofia yake imelowa jasho, majivu kwenye nyusi. Nikamwambia, "Baba, siwezi kusema."

Akaendelea kunitazama usoni kwa muda. Halafu akageuka, akatembea mpaka kwenye pikapu, akaondoka, akaacha chungu kinachemka. Baba! Kuacha mchuzi! Hata siku ya mazishi ya Babu alirudi kukoroga. Nyuma yangu nikamsikia Janda akisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu husema damu ni nzito kuliko maji, kumbe huyu binti wa Emil hana habari na damu wala na maji.

Kuanzia hapo, kimya. Nikipita nyumbani Baba yuko ghalani. Nikipeleka chakula, anasema asante, weka hapo. Lakini kilichonikata maini ni Jumapili ukumbini. Tangu Mama afariki mimi ndiye mwenzake kwenye dhumna, unajua. Wanne mezani, wawili kwa wawili, turufu na dau kama karata, mimi nakaa mkabala naye. Nilikuta kiti changu kimekaliwa na Alfons Pekar. Alfons! Anayeshika turufu mkononi mpaka mchezo unaisha, halafu anashangaa ameikuta! Nikachukua kahawa yangu nikaenda kukaa na akina mama wanaofuma, nikajifanya napenda kufuma.

Sasa Otilie, nikuambie lile nililoshindwa kulisema kwenye simu. Kila mtu hapa anaamini nilinyamaza kwa sababu ya kanuni. Ni kweli kanuni ipo, na ningeifuata hata kama moyo wangu ungekuwa upande wao. Lakini haikuwa hiyo tu. Nilikuwa nimeshaisoma sheria. Niliisoma usiku kucha, nikairudia, nikatafuta tundu la kupenyeza hata kidole, sikuliona. Uamuzi wa tangu zama za Babu unasema mwenye ardhi ana haki na maji yaliyo chini yake, avute atakavyo, hata jirani akaukiwe. Changu ni changu, juu na chini! Ndiyo bendera yetu wenyewe, dada. Ndiyo tuliyoibeba mimi na wewe vumbini tukiimba. Babu aliipigania kwa sababu siku hizo mwenye kuvuta maji alikuwa mkulima na ndoo yake, na aliyetaka kumzuia alikuwa tajiri. Sheria ile ingeweza kubadilishwa na bunge, si na jaji kwa kuwa tu baba yake ana chemchemi. Ningekaa kwenye kile kiti, ningeipa haki kampuni ya maji. Ningeikausha chemchemi ya Mama kwa kalamu yangu. Baba aliniuliza kama itabaki, na mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, na jibu lilikuwa hapana. Nimelibeba peke yangu tangu Septemba na limenichosha.

Uchaguzi wenyewe umekwisha kama ulivyosikia. Prewitt alinishinda mpaka nikamwonea fahari. Lakini asilimia tano tulipata, tena na chenji juu, kwa kura za watu wa mijini huko ambao hawajui kama mimi ni mwanamke au ni jina la dawa ya kikohozi. Chama cha Plau kitabaki kwenye karatasi. Ila hapa Lipova nilianguka vibaya. Nabii hakubaliki kwao, lakini mimi walinikataa mpaka jirani aliyeazima ngazi yangu na hajairudisha. Bi Vlasta akanieleza, bila kuulizwa, kwamba Baba alionekana kituoni asubuhi na mapema, kaingia kibandani, katoka, hakusema na mtu. Akaniongezea kwamba maskini mzee, ilimuuma lakini atafanyaje. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, sikuficha.

Leo baada ya misa nikaenda ukumbini kwa sababu ya zamu ya jikoni tu. Nakata vitunguu, nasikia sauti ya Baba mezani. Anamwambia Alfons ondoka hapo, umenitia hasara ya kutosha, hata marehemu mke wangu aliyeko kaburini anacheza vizuri kuliko wewe. Alfons akauliza sasa utacheza na nani. Baba akasema, "Niitieni yule wa jikoni."

Nikaenda na aproni yangu. Nikakaa. Zamu ya kutaja dau ikanifikia, nikatazama nilichonacho, takataka tupu, nikasema napita. Baba akatikisa kichwa kama zamani, akataja yeye, tukashinda. Tukashinda na mchezo wa pili. Mezani hakuna mtu aliyesema neno, maana kuongea na mwenzako mchezo ukiendelea ni haramu, na Baba hajawahi kuvunja hilo hata na Mama.

Tulipomaliza akaniambia nimpeleke chemchemini. Tukaenda. Majani yameanguka, maji yako safi, ile mboga ya majini ya kijani tuliyokuwa tunaila na chumvi bado imejaa ukingoni. Akakaa kwenye jiwe la kupozea makopo ya maziwa. Kisha akaanza kuongea, naye alikuwa anatazama maji, si mimi.

Akasema amekaa mkabala na mimi miaka mingi. Akasema mwenzako akisema napita, mjinga anadhani hajaambiwa kitu, kumbe ameambiwa. Anajua napitaje nikiwa sina kitu, na anajua napitaje nikiwa na kitu ambacho yeye hatakipenda. Akasema, "Siku ile kwenye mchuzi nilikuuliza, ukapita. Nikaziona kete zako zote, mwanangu, kama vile umezigeuza." Akasema hakuondoka kwa hasira. Aliondoka kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia, na Janda alikuwa anatazama. Na kiti changu alimpa Alfons kwa sababu nikikaa mbele yake angeniuliza tena, na hakutaka nipite mara ya pili.

Nikamuuliza kituoni alitia alama wapi.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. Akasema kwani mimi nina baba wangapi? Alinipigia mimi. Tena wiki nzima kabla ya hapo alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu, akafukuzwa na wengi, na Janda akamfungulia mbwa. Nikamwambia lakini Baba, ulijua! Ulijua ningekata dhidi yako! Akasema ndiyo, alijua. Kisha akasema sasa uchaguzi umekwisha, mimi si mgombea wa mtu, kanuni hazinifungi, nimwambie kwa mdomo wangu.

Nikamwambia. Nikasema, "Baba, kisheria haibaki."

Akainama, akateka maji kwa kofia, akanywa, akanipa na mimi nikanywa. Baridi yake ile ile inayouma meno. Kisha akajifuta masharubu akasema basi, miaka miwili ijayo kuna kiti kingine, na jina letu liko kwenye karatasi, na nijiandae. Nikamwambia Baba umechanganyikiwa, nani hapa Lipova atanipigia kura? Akasema atakwenda tena nyumba kwa nyumba, na safari hii anajua cha kuwaambia. Atawaambia, "Huyu hakumpendelea hata baba yake. Mna mwingine kama huyu?"

Otilie, pampu za kwa Kubena zinawashwa baada ya Pasaka. Wanaojua wanasema maji yatashuka kidogo kidogo, wengine wanasema ghafla. Njoo kabla. Nakuomba, usinitumie kadi ya Pasaka yenye sungura, njoo mwenyewe. Walete watoto waogelee pale tulipoogelea sisi, na nitawapikia kolache, ile mikate mitamu ya plamu, kwa mapishi ya Mama, na wewe na mimi tutaitoa ile bendera ya Babu sandukuni tuitazame vizuri, maana nadhani hatukuwahi kuisoma.

Msalimie sana Shemeji Warren, mwambie kikohozi si urithi. Wasalimie majirani zako wale wenye mbuzi. Bi Vlasta anakusalimu, hata Alfons anakusalimu, maskini, sasa hana pa kukaa. Baba yuko hapa nyuma ya bega langu, anasoma bila miwani na kujifanya anaona. Anasema nikuandikie kwamba maji bado ni baridi, na kwamba kuna kete zinakungoja na wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Adela
Mgombea Asiyeahidi Kitu